UZI: Mtoto akianza darasa la kwanza, mzazi ategemee nini? Waliokwisha pita watueleze

UmmuSuhaila (Tomondo)

Assalamu alaykum ndugu zangu.

Skuli zimefungwa na mwanangu wa kiume amemaliza darasa la kwanza, alhamdulillah. Januari hii mdogo wangu anamuingiza binti yake, na kila siku hunipigia simu ana swali jipya. Nimeona badala ya kumjibu yeye peke yake niandike hapa. Najua wapo wengi ambao saa hizi wanazunguka sokoni Darajani, hapa Unguja, kutafuta kitambaa cha sare, na hicho kitambaa ndicho chepesi kuliko yote yanayokuja.

Mimi nilijitayarisha kwa vitu. Sare mbili, mkoba, chupa ya maji, mabuku nimeyafunika kwa karatasi usiku kucha. Cheti cha kuzaliwa na kadi ya chanjo nilivitia kwenye bahasha tangu Oktoba. Mtoto mwenyewe sikumtayarisha, na mimi sikujitayarisha kwa yule atakayenirudia saa sita mchana.

Wiki ya kwanza alikwenda kwa furaha. Ikaingia sikukuu ya Mapinduzi, 12 Januari, wakapumzika, na yeye akaamini kwamba skuli imekwisha. Nilipomwamsha siku ya pili yake akanitazama, akasema, "Si nilishakwenda?" Hapo kilio kikaanza, na kiliendelea karibu mwezi mzima. Mlangoni mwa skuli hakulia hata siku moja, mwalimu wake alikuwa akimsifu kwa utulivu. Alikuwa akilia jioni, nyumbani, kwa mambo madogo: kikombe si chake, kanzu ya chuo, yaani chuo cha Qur-ani, ina mkunjo, mdogo wake amekaa pahala pake. Mtoto mpole yule akawa anapiga. Nami nikamgombeza, tena sana, na najuta mpaka leo.

Mama mkwe wangu alikuja kututembelea, akakaa siku tatu akitazama tu. Siku ya kuondoka akanambia, "Hebu nihesabie siku anazopumzika huyu mtoto."

Nikahesabu. Skuli, Jumatatu mpaka Ijumaa. Chuo, kila siku baada ya adhuhuri, isipokuwa Alkhamisi na Ijumaa, ndizo siku chuo chetu kinafungwa. Jumamosi na Jumapili skuli hakuna, lakini chuoni anaingia asubuhi. Katika siku saba haikuwapo hata moja ambayo mtoto wa miaka sita anaamka hana pahala pa kwenda. Mimi na baba yake, watu wazima, kazini tuna siku mbili.

Nikaenda kwa maalim wa chuo kumuomba Jumapili abaki nyumbani, angalau mpaka azoee. Nilikwenda na khofu, nikidhani ataniona naifanyia dini mchezo. Maalim akakubali palepale, akasema na yeye huwaona wanavyosinzia juu ya juzuu. Haikupita wiki tatu, mtoto akarudi kuwa yule ninayemjua.

Kwa hiyo langu la kwanza kwa mdogo wangu na kwa kila anayesoma hapa: kaeni chini muhesabu siku za mtoto, skuli na chuo kwa pamoja. Sisi tunazipanga mbalimbali kwa sababu zina walimu mbalimbali, lakini mwili unaokwenda ni mmoja.

BabaMapacha

Waalaykum salaam dada yangu. Nimesoma nikajiona.

Ila naomba nitofautiane kidogo. Mimi nina pacha wa kike, wamemaliza darasa la kwanza mwaka juzi. Nao walichoka vivyo hivyo, mmoja akawa anakojoa kitandani na alikuwa ameshaacha tangu ana miaka mitatu. Lakini chuo sikukigusa. Nilichokiondoa ni tuisheni. Maana tulikuwa tumewatia tuisheni ya jioni, darasa la kwanza! Jirani kawatia wake, na sisi tukafuata. Walikuwa wakirudi magharibi, hawajacheza hata kidogo, na kesho yake wanaamshwa alfajiri.

Chuoni wanakaa na wenzao, wanasoma kwa sauti, wanakimbizana njiani kwenda na kurudi. Kwa wanangu ile njia ilikuwa ndiyo mapumziko. Tulipoondoa tuisheni, kitanda kikawa kikavu ndani ya mwezi.

UmmuSuhaila

Kaka BabaMapacha, umenena la haki, wala sioni kama tunapingana. Wangu hakuwa na tuisheni, ndiyo maana sikuwa na kingine cha kupunguza. Kama angekuwa nayo ningeanza na hiyo. Na la kukojoa kitandani ahsante kwa kulisema, maana wengi wanalificha na mtoto anaonewa.

MwalimuWaWete

Amani iwe juu yenu. Nimesomesha darasa la kwanza miaka 14 hapa Pemba, niruhusuni niseme kwa urefu.

Kila mwezi wa tatu wazazi hunijia na swali moja: mbona wangu hajui kusoma, na wa jirani anasoma? Wale wawili hawakuanzia pahala pamoja. Mwaka huu darasani nilikuwa na watoto 68. Wapo waliopita maandalizi, yaani madarasa ya kabla ya darasa la kwanza, miaka miwili, kama Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 ilivyotaka. Wapo waliotoka Tutu, yaani Tucheze Tujifunze, vijijini wanakosoma kwa redio na michezo. Hao wana masikio mazuri, wanaimba, wanahesabu, lakini penseli wameishika kidogo. Wapo waliokuja na chuo peke yake. Na kila Januari hawakosi wachache ambao hawajapita popote. Wiki sita za mwanzo kazi yangu ni kujua nani ni nani. Mzazi akija kunieleza mwenyewe mtoto wake ametoka wapi, amenisaidia sana, na wanaokuja hawafiki kumi.

Mtoto wa chuo peke yake, naomba msimdharau. Anajua kukaa, anajua kusikiliza, na anajua kwamba alama iliyoandikwa ina sauti yake. Hilo ndilo gumu kuliko yote katika kusoma, na yeye amelipata kwenye alif na be. Shida yake ni upande. Tangu ana miaka minne mstari wake unaanzia kuliani. Nikimpa buku analifungua kwa nyuma, na jina analiandika kutoka kuliani. Niliwahi kupata mtoto aliyeandika "ilA". Herufi zote sahihi, zote zimo! Baba yake alikuwa ameshampiga kwa hilo. Chukueni kalamu nyekundu, tieni nukta upande wa kushoto wa kila mstari, mwambieni safari inaanzia hapa. Kule chuoni inaanzia kule. Akili ya mtoto inaweza kubeba njia zote mbili, mpeni muda tu.

La pili ni majina ya herufi. Waliosoma nasari za Kiingereza wanakuja na "ei, bii, sii". Nikimwonyesha e ananambia "i". Nikimwonyesha i ananambia "ai". Neno "embe" linasomwa "imbe", na mtoto anaanza kujiona hajui, naye ndiye aliyesoma zaidi. Kiswahili kimetupa neema: e ni e popote utakapoikuta. Kama mtoto wenu anakuja skuli ya Serikali, ambako madarasa ya mwanzo yanasomeshwa kwa Kiswahili, wekeni kando nyimbo za "ei bii sii" mpaka ashike ba be bi bo bu. Kiingereza kitakuja, wala hakitamkimbia.

La tatu nawaambia Wapemba wenzangu, na waliohamia mjini Unguja. Mtoto akiandika "nkono", "nkate", "nti", hajakosea kusikia. Ameandika alichokisikia kwa mama yake, na amekisikia barabara. Kiswahili cha vitabuni kilijengwa juu ya Kiunguja cha mjini, basi mwambieni: kwetu twasema hivi, kitabuni twaandika hivi. Nimeona watoto werevu waliohamia mjini wakanyamaza darasani mwaka mzima kwa sababu siku ya kwanza walipofungua mdomo walichekwa. Mwalimu anaandika kwenye ripoti "hashiriki". Atashirikije?

Kuhusu kusoma kwenyewe: mtoto akimaliza muhula wa kwanza anazisoma silabi nyepesi na kuziunganisha, "ba-ba", "ta-a", yuko sawa. Kati ya mwaka, maneno mafupi. Mwisho wa mwaka, sentensi fupi anayoielewa, na hapo ndipo pa kutazama, anaelewa au anakariri ukurasa? Funikeni picha, muulizeni. Ng', ny, mb, nd na mfano wa "kunywa" zinawasumbua mpaka darasa la pili na si ugonjwa.

Nassor_Mkwajuni

Mwalimu Mungu akuzidishie. Wangu anatumia mkono wa kushoto. Nyumbani tunamzuia, chuoni wanamzuia, lakini akiandika kwa kulia herufi zinakuwa kama mchanga umemwagika. Nifanyeje?

MwalimuWaWete

Kula na kupeana, mfunze wa kulia kama tunavyofunzwa sote, na kwa upole atazoea. Penseli mwachie mkono wa kushoto. Nenda ukamwambie mwalimu wake kwa mdomo wako, wiki ya kwanza, usimwachie mtoto aje kujitetea mwenyewe. Muombe amkalishe upande wa kushoto wa dawati, asigongane kiwiko na mwenzake. Na buku liinamishwe kidogo upande wa kulia, ataona anachokiandika.

BiMkubwa_Jangombe

Wanangu, mimi ni bibi. Niliingia skuli kwa sababu ya tangazo la elimu bure la 23 Septemba 1964, la sivyo nisingeijua hata alifu ya Kizungu. Baba yangu alinipeleka mwenyewe kwa mkono, mpaka leo naukumbuka ule mkono ulivyokuwa umeshika.

Mnasema herufi, mimi nasema choo.

Mjukuu wangu mwaka jana alikuwa anarudi nyumbani anakimbia, hata salamu hatoi, moja kwa moja msalani. Kumbe tangu asubuhi amejizuia. Choo cha skuli kina giza, mlango haufungi, watoto wakubwa wanasimama nje, na vifungo vya suruali hawezi kuvifungua upesi. Maji hanywi makusudi, ili asihitaji kwenda. Kichwa kinamuuma kila siku, tukawa tunampa dawa ya kichwa.

Basi mwambieni fundi atie mpira kiunoni, asitie vifungo wala zipu ngumu. Mtoto wa kike ushungi uwe wa kushonwa wa kuvaa moja kwa moja, si wa kubana kwa pini, pini itamchoma na ikifunguka hawezi kuirudisha. Pindo liachwe refu, mwaka mmoja wanarefuka. Mfunzeni kutawaza mwenyewe kwa kopo, mfanye naye nyumbani mpaka aweze bila kuita mtu. Na siku ya kwanza mwende naye mkakione hicho choo, mkiwa mmeshikana mikono.

Zuwena_K

Bi Mkubwa nimelia. Wangu aliniambia kichwa kinamuuma muhula mzima. Nilimpeleka kupimwa macho. Sikuwaza choo hata kidogo.

UmmuSuhaila

Macho pia usiache, Zuwena. Mtoto wa dada yangu alikuwa akinakili ubaoni mistari nusu nusu, tukasema mvivu, kumbe haoni. Lakini la choo na mimi sikulifikiria. Bi Mkubwa shikamoo, na ahsante.

NesiChake

Naongeza la afya, kwa ufupi.

Mtoto akishaingia skuli atakutana na zoezi la dawa za kichocho na minyoo. Visiwani kwetu dawa hizi hutolewa maskulini. Ya kichocho hupimwa kwa urefu wa mtoto, ndiyo maana mnasikia walisimamishwa kwenye kijiti. Wazazi wengi siku hiyo humficha mtoto kwa sababu mwaka uliopita alitapika. Mara nyingi aliyetapika alikwenda na tumbo tupu. Siku ya dawa mpeni chakula kizito: mihogo, uji na boflo (mkate), chapati, chochote cha kushiba. Tumbo linaweza kuuma kidogo, kizunguzungu na kichefuchefu vikaja, na kwa kawaida hupita siku ileile.

Kichocho chetu ni cha mkojo. Mtoto akikwambia mkojo una damu, au ukiona anaumia akikojoa, usingoje zoezi, mpeleke kituoni. Anakipata kwenye maji ya mito na mabwawa yenye konokono, na mtoto akianza kwenda skuli kwa miguu na wenzake ndipo anapoyajua hayo maji. Masika ikiingia, Machi mpaka Mei, njia nyingi zinapita kando ya madimbwi. Mwonyesheni njia yenyewe, mpite naye mara mbili tatu.

BabaMapacha

Na kwenye njia hapohapo, kuna jambo tunalikwepa. Udhalilishaji. Naandika mkono mzito lakini naandika.

Mtoto wa nyumbani tunajua kila anayemgusa. Mtoto wa skuli hatujui. Anapita kwenye maduka, anapakiwa na bodaboda, anatumwa na watu. Wanangu nimewafunza majina ya viungo vyao bila kuficha, na kwamba hakuna mtu, awe jamaa, awe mwalimu, awe sheikh, mwenye ruhusa ya kuwagusa pale au kuwaambia "usimwambie mama". Nimewaambia wakisikia maneno hayo tu, wanambie siku ileile na sitawapiga. Halafu nimejilazimisha kutowapiga kwa lolote wanaloniambia, hata wakivunja kitu, ili wajue nasema kweli.

Likitokea, msikae na kumaliza kifamilia. Ipo namba 116 ya kuripoti mambo ya watoto, kupiga ni bure. Vipo vituo vya Mkono kwa Mkono, kama cha hospitali ya Mnazi Mmoja, ambako daktari, polisi na mshauri wanapatikana pamoja. Na mtoto asikogeshwe kabla hajaonwa.

Zuwena_K

Kaka, hili nitalisoma na mume wangu usiku huu.

Mwajuma_Konde

Mimi naingiza wa kwanza Januari. Swali dogo tu, samahani kama ni la kijinga. Pesa ya skuli nimpe? Na Ramadhani inaingia Februari, watoto wa darasa la kwanza wanafunga?

UmmuSuhaila

Si la kijinga mamangu, hata mimi niliuliza.

Pesa mimi sikumpa mpaka muhula wa pili. Mtoto wa umri ule hajui chenji, na wakubwa wanamjua kuwa hajui. Nilikuwa namfungia: mihogo ya kukaanga, au boflo na yai, siku nyingine mbatata. Kibakuli kiwe anachoweza kukifungua mwenyewe, jaribuni nyumbani. Alipoanza kunililia barafu ya ubuyu kwa sababu wenzake wote wanayo, nikampa ya Ijumaa peke yake.

Kufunga, miaka sita bado si wajibu wake. Wangu alitaka kwa sababu aliwaona wakubwa, nikamwacha afunge mpaka adhuhuri siku ambazo hana skuli, basi. Akikwambia njiani anafunga wenzake wanamsifu, msifu na wewe, lakini chakula mtilie mkobani na umnong'oneze kwamba kimo.

MwalimuWaWete

Naunga mkono. Na nawasihi, mtoto akirudi msimpokee kwa "umesoma nini leo?" Hajui amesoma nini. Amesikia kelele za watoto 68 tangu saa moja na nusu. Mpeni maji, mpeni chakula, mwacheni avue sare. Ikifika jioni atasema mwenyewe, na atakalolisema kwanza ni mtu, si somo. Nani amemsukuma, nani amempa kifutio. Sikilizeni hilo kwa makini kuliko herufi, kwa sababu mwezi wa pili mtoto anayekwenda skuli anakwenda kwa ajili ya mtu. Ukisikia wiki nne zimepita na hana jina la mwenzake hata mmoja, njoo uniambie.

UmmuSuhaila

Wangu alikuwa na mmoja, wanakaa dawati moja. Mwenzake alipohama Aprili, kile kilio cha jioni kilirudi siku kumi nzima, na safari hii sikumgombeza. Tulikwenda kumtembelea Fuoni siku ya Jumapili.

MdogoWaUmmu

Assalamu alaykum. Mimi ndiye mdogo mtu aliyetajwa juu. Nimejiunga kwa ajili ya uzi huu na nimeusoma mara tatu.

Leo binti yangu amemaliza siku ya nne. Sketi ina mpira. Choo tulikwenda kukiona pamoja, nikazungumza na mwalimu mkuu kuhusu mlango, akasema kamati inalijua, nitarudi kuuliza. Chuoni tumekubaliana Jumapili apumzike mpaka Ramadhani iishe. Nukta nyekundu nimetia mabuku yote mawili.

Mchana sikumuuliza kitu. Nilimpa maji, akanywa chupa nzima, akalala juu ya mkeka na sare yake. Magharibi ndipo alipokuja kunikalia mapajani, akanambia anataka kesho nimtilie boflo vipande viwili. Nikamuuliza kwa nini viwili. Akasema yupo mtoto anakaa naye, jina lake hajalijua bado, lakini anajua kwamba hapendi lile ganda la juu, kwa hiyo nilitoe.

BiMkubwa_Jangombe

Litoe, mwanangu. Na cha tatu mtilie, kikidondoka.